Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kiwanja cha ndege za mabomu cha Scampton na vijana walioruka kutoka pale

Nikitaja Scampton tu, kwa ndugu wa Dar au hawa tunaokaa nao huku Uingereza, maswali yanakuwa yale yale, mengine mepesi na mengine yanauma kweli, kwaiyo nimeyakusanya yote hapa nikayajibu kwa nafasi. Majibu hayalingani urefu, penye mambo mengi nimekaa na pasipo na mengi nimepita.

Scampton ni wapi?

Ni kijiji kaskazini ya mji wa Lincoln, mkoa wa Lincolnshire, mashariki ya Uingereza. Ardhi ya huku ni tambarare, mashamba mpaka macho yanachoka, na ndo maana jeshi la anga lilipapenda, ukichanganya na kwamba ni upande unaotazama Ujerumani. Vita inaisha mwaka 1945 mkoa huu mmoja ulikuwa na viwanja 49 vya jeshi la anga, yani ukitoka kwenye kiwanja kimoja hata chai haijapoa ushafika kingine. Kanisa kuu la Lincoln limekaa juu ya kilima na linaonekana kutoka mbali sana, vijana wakirudi alfajiri wakiuona ule mnara walikuwa wanajua sasa tumefika.

Kiwanja kilianza lini?

Mwaka 1916, vita ya kwanza ya dunia, kikiitwa Brattleby. Vita ilipoisha kikafungwa pakarudi kuwa shamba, alafu mwaka 1936 Uingereza ilipoona Hitler anajijenga wakakifungua upya kwa jina la Scampton. Yale mahanga manne makubwa ya matofali ni ya kipindi hicho.

Ndege zake za mwanzo mwanzo wa vita zilikuwa Hampden, za injini mbili na watu wanne, tumbo lake jembamba kiasi kwamba wenyewe waliibatiza jina la sutikesi inayoruka. Ukishakaa kwenye nafasi yako umekaa, kubadilishana na mwenzako ukiwa angani ilikuwa shughuli. Tarehe 3 Septemba 1939, siku ile ile Uingereza inatangaza vita, Hampden za skwadroni (vikosi vya ndege) 83 na 49 ziliruka Scampton kwenda kutafuta meli za Wajerumani baharini, hali ya hewa ikawa mbaya wakarudi bila kupiga kitu. Kati ya marubani wa siku hiyo alikuwepo kijana anaitwa Guy Gibson, mkumbuke huyo jina lake litarudi.

Kwanini watu wanataja sana medali za pale?

Kwasababu watu watatu walipata Victoria Cross kwa misheni zilizoanzia pale pale Scampton, na hiyo ndo medali ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza. Wa kwanza Roderick Learoyd wa skwadroni 49, Agosti 1940, alishuka chini sana juu ya mfereji wa Dortmund-Ems katikati ya taa na mizinga, ndege ikapigwa vibaya lakini akairudisha, alafu alipofika nyumbani akaona mfumo wa kutua umeharibika, basi badala ya kujaribu gizani na kuwaua wenzake akazunguka angani mpaka kukapambazuka ndo akatua. Hakuumia hata mmoja.

Wa pili ndo ananigusa zaidi mimi. John Hannah wa skwadroni 83, mtu wa redio na bunduki, miaka 18 tu. Septemba 1940 juu ya Antwerp ndege yao ikapigwa ikashika moto ndani, risasi zao wenyewe zinalipuka kwa joto, wenzake wawili wakaruka na parachuti na yeye angeweza kuruka. Akabaki. Akapigana na ule moto kwa vizimia moto, vilipoisha akatumia daftari, alafu mikono yake mitupu, mpaka ukazima, na rubani akairudisha ndege Scampton. Aliungua uso na mikono, afya yake haikukaa sawa tena, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1947 akiwa na miaka 25, ameacha mke na watoto. Watu wanapenda kusimulia medali wanaishia hapo, ile miaka saba ya baadae hakuna anayeisimulia.

Wa tatu ni huyo Gibson, nitafika kwake.

Lancaster ilibeba watu wangapi na kila mmoja alifanya nini?

Saba. Lancaster ndo ndege iliyokuja Scampton kuanzia 1942, injini nne, na ikawa ndege kuu ya mabomu ya Uingereza usiku. Kuna rubani, na pembeni yake fundi injini anayeangalia mafuta na mashine, nyuma yao kwenye kijimeza chenye pazia anakaa mwongoza njia na ramani zake (pazia ni ili taa yake isionekane nje), alafu mtu wa redio, alafu mlenga mabomu ambaye analala kifudifudi puani kabisa kwa mbele, na washika bunduki wawili, mmoja juu ya mgongo wa ndege na mmoja nyuma kabisa mkiani.

Huyo wa mkiani mnaniuliza sana habari zake. Alikaa peke yake kwenye kijumba cha vioo kwa masaa saba, nane, anaangalia walikotoka sio wanakoenda, baridi ikishuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, na parachuti yake haiwezi kuingia mle kwaiyo imetundikwa nje ya kijumba. Ndege ikishika moto anatakiwa kwanza afungue milango, anyooshe mkono aichukue, aivae, ndo aruke. Wengi hawakuwahi.

Walivyokuwa wanaunda kruu, yani hawa saba wa ndege moja, ni jambo zuri kweli. Hawakupangwa kwa orodha. Walikusanywa kwenye hanga kwenye mafunzo, marubani wako hapa, waongoza njia pale, wakaambiwa haya tafutaneni wenyewe. Mtu anamfata mwenzie anamwambia mimi sina rubani, wewe unaye mshika bunduki? Watu waliochaguana vile kwa dakika chache ndo waliokuja kufa pamoja au kuzeeka wakipigiana simu kila krismasi.

Ni kweli karibu nusu yao walikufa?

Ni kweli. Waliorukia ndege za mabomu za Uingereza vita nzima walikuwa kama 125,000, na waliokufa ni 55,573. Wote walijitolea, hakuna aliyelazimishwa kupanda ndege. Na hapo sijahesabu waliotekwa na waliojeruhiwa. Zamu moja ilikuwa misheni 30, ukimaliza 30 unapumzishwa unaenda kufundisha wengine, alafu unaweza kurudishwa zamu ya pili. Kuna miezi ambayo kijana mpya akifika kambini akipiga hesabu anaona wazi kwamba thelathini hazifiki. Wengi walikuwa na miaka 20, 21, 22.

Lancaster zilitengenezwa 7,377, na zaidi ya 3,000 zilipotea kwenye misheni. Ndo maana ile moja yenye namba R5868 inaheshimiwa vile, ilianza kazi Scampton mwaka 1942 na skwadroni 83, ikamaliza vita imeenda misheni 137, baadae ikasimamishwa getini Scampton miaka na miaka na sa hizi iko makumbusho ya jeshi la anga London. Ndege iliyoweza kwenda mara 137 na kurudi mara 137 ni kama muujiza, usiichukulie kama ndo kawaida yao.

Siku ya misheni ilikuwaje?

Asubuhi inakuja taarifa kwamba leo kuna kazi, simu za nje zinakatwa, hakuna kutoka kambini. Mafundi wanajaza mafuta, na kutokana na kiasi cha mafuta vijana walikuwa wanabahatisha safari ni ndefu au fupi, matangi yakijazwa mpaka juu wanajua ni Berlin au kwingine mbali. Mchana wanaita kikao, pazia linafunguliwa ukutani, ramani inaonekana na uzi mwekundu umevutwa kutoka Lincolnshire mpaka huko wanakoenda. Wazee waliohojiwa miaka ya karibuni karibu wote wanakumbuka ile sekunde ya pazia kuliko hata mabomu yenyewe.

Alafu chakula. Mayai na bekoni, kipindi ambacho raia wa kawaida yai alikuwa analipata kwa mgao, yai moja wiki nzima ukibahatika. Wakirudi wanapewa tena mayai, na utani wao ulikuwa kuambiana "usiporudi nipe yai lako". Jioni wanavaa, wanachukua parachuti na kitu cha bahati, skafu ya mchumba, kidoli, kila mtu na chake, wanapakiwa kwenye lori linaloendeshwa mara nyingi na msichana wa jeshi, wanapelekwa mpaka chini ya ndege zao, wanasubiri. Ule muda wa kusubiri kwenye majani ndo walisema mgumu kuliko wote, kuna waliotapika, kuna walioenda kukojolea gurudumu la ndege kwa imani.

Na niseme hapa maana wengi hamjui, Scampton mwaka 1943 ilikuwa bado ni kiwanja cha majani. Lancaster imebeba mabomu na mafuta ya kwenda mpaka Ujerumani na kurudi inakimbia juu ya nyasi. Zege ya kurukia iliwekwa baadae, kiwanja kilifungwa mwaka 1943 kwa kazi hiyo, na skwadroni 153 ilipokuja Oktoba 1944 ikakuta zege.

Aliyeogopa akakataa kwenda alifanywa nini?

Swali hili nalijibu kwa uchungu. Waliandikiwa kwenye faili maneno yanayomaanisha hana moyo, wakavuliwa mbawa zao za kifuani, wengine mbele ya wenzao, wakapelekwa kazi za chini mbali. Kijana kaenda mara 20 katika ule moto, mara ya 21 mikono inatetemeka hawezi, anaitwa mwoga. Leo tungesema huyu ni mgonjwa atibiwe. Idadi yao ilikuwa ndogo ukilinganisha na wote, ila hofu ya kuandikwa vile iliwafanya wengi waendelee kupanda ndege wakiwa wameshavunjika ndani.

Haya, ile misheni ya kuvunja mabwawa ya Ujerumani. Bomu linadunda kweli juu ya maji?

Linadunda. Ukikulia pwani au ziwani unajua mchezo wa kutupa kijiwe bapa kikaruka ruka juu ya maji, ni ile ile. Injinia Barnes Wallis alitaka kuvunja kuta za mabwawa makubwa ya bonde la Ruhr, yaliyokuwa yanalisha viwanda vya silaha vya Ujerumani maji na umeme. Tatizo ukidondosha bomu kutoka juu hulengi ukuta, na ukitumia la majini la kupiga meli Wajerumani wametega nyavu. Kwaiyo akabuni bomu lenye umbo la pipa, tani 4 na kitu, linaning'inia chini ya tumbo la ndege, linazungushwa na mota kinyumenyume mizunguko 500 kwa dakika kabla ya kuachiwa. Likigusa maji linadunda, linaruka nyavu, linagonga ukuta, na kwasababu linazunguka kinyume linang'ang'ania ukutani huku linazama, likifika kama mita 9 chini linalipuka na maji yenyewe yanasukuma nguvu yote kwenye ukuta.

Ila ili lidunde vizuri ndege iwe juu ya maji mita 18 tu, usiku, kwa kasi ya kama kilomita 370 kwa saa. Mita 18, huko kwetu kuna minazi inayozidi hapo. Vipimo vya kawaida vya ndege haviwezi kusoma urefu mdogo vile, basi wakafunga taa mbili chini ya ndege zimeelekezwa ili miale yake ikutane juu ya maji pale tu unapofika mita 18 kamili. Kifaa cha kulengea alichotumia mlenga mabomu kilikuwa kipande cha mbao chenye misumari miwili, unaangalia minara miwili ya bwawa ikilingana na misumari unaachia. Kazi kubwa vile, na vifaa ambavyo fundi seremala wa mtaani angetengeneza mchana mmoja.

Nani walienda, na wangapi walirudi?

Skwadroni 617 iliundwa Scampton Machi 1943 kwa ajili ya kazi hii moja, kiongozi ni Gibson, miaka 24, ashaenda vitani zaidi ya mara 170 wanavyomhesabia. Hakuna aliyeambiwa shabaha mpaka karibu na mwisho, wiki nane wanafanya mazoezi ya kuruka chini chini juu ya mabwawa ya Uingereza bila kujua kwanini.

Usiku wa tarehe 16 Mei 1943 ziliruka Lancaster 19, watu 133, sio Waingereza tu, walikuwepo Wakanada wengi, Waaustralia, Wanyuzilandi na Mmarekani mmoja, Joe McCarthy. Walienda chini sana kukwepa rada kiasi kwamba ndege moja iligonga maji ya bahari bomu likang'oka, nyingine ikapiga nguzo za umeme ikaanguka. Bwawa la Möhne lilipigwa na Gibson wa kwanza, ukuta ukasimama. Wa pili Hopgood akapigwa na mizinga akaanguka. Wa tatu Martin anaingia, na hapa Gibson akafanya kitu kinachosimuliwa mpaka leo, akaruka pembeni yake kwa makusudi ili mizinga igawanyike impige yeye pia. Likaja la nne la Young, la tano la Maltby, ukuta ukapasuka. Waliobaki na mabomu wakaenda bwawa la Eder, nalo likapasuka. La Sorpe liliguswa tu, lenyewe ni la udongo halikuvunjika.

Ndege 8 hazikurudi. Walikufa 53, watatu wakatekwa. Yani katika kila watano waliokaa mezani kula mayai ile jioni, wawili asubuhi viti vyao vitupu. Wasichana wa kantini walioandaa meza za asubuhi walikaa wakisubiri watu wasiokuja, na ofisini barua kwa familia 56 zikaanza kuandikwa siku ile ile. Gibson akapewa Victoria Cross, na yeye pia hakumaliza vita, alikufa Septemba 1944 ndege yake ilipoanguka Steenbergen, Uholanzi. Wa mwisho kabisa kati ya wale 133, mlenga mabomu Johnny Johnson, amefariki Desemba 2022 akiwa na miaka 101.

Na chini ya yale mabwawa kulikuwa na nani?

Ahsante kwa mnaouliza hili, maana ndo swali ambalo lilikuwa linarukwa miaka mingi. Walikufa watu kama 1,300 au zaidi, na zaidi ya nusu hawakuwa Wajerumani kabisa. Chini ya Möhne kwenye mji wa Neheim kulikuwa na kambi ya wanawake waliokamatwa kwa nguvu Ukraine na nchi nyingine za mashariki, wakaletwa kufanya kazi viwandani. Maji yalifika usiku wamelala, wamezungushiwa uzio, mamia walikufa pale. Hawa walikuwa mateka wa Hitler, wakauawa na maji yaliyoachiwa na watu waliokuja kumpiga Hitler.

Na ukuta wa Möhne ulirudishwa kabla mwaka haujaisha. Wajerumani walilazimika kuhamisha maelfu ya vibarua kutoka kwenye ujenzi mwingine wa kijeshi ili waukarabati, kwaiyo hasara walipata, ila sio ile ya kusimamisha viwanda iliyotarajiwa. Mwaka 1977 nyongeza ya mikataba ya Geneva ikakataza kupiga mabwawa pale ambapo maji yataua raia wengi.

Kwa hiyo walikuwa mashujaa au wauaji?

Mimi siwezi kuchagua neno moja na sitaki. Julai 1943 Hamburg ilichomwa, watu kama 37,000 walikufa, na skwadroni 57 wakati huo ilikuwa bado inarukia Scampton. Wengi wa waliokufa walikuwa akina mama, watoto, wazee. Amri ilikuwa ya wakubwa, wao ndo walioamua kwamba miji yenyewe ndo shabaha. Yule kijana wa mkiani mwenye miaka 20 hakuamua, ila alikuwepo, na wengi wao walikaa kimya maisha yao yote kwasababu walijua kilichokuwa chini. Ushujaa wao ulikuwa wa kweli na vifo vya chini vilikuwa vya kweli, nikisimulia kimoja nikaacha kingine nakuwa nimekudanganya.

Nimesikia habari ya mbwa wa Gibson, ni nini?

Gibson alikuwa na mbwa mweusi, akagongwa na gari nje ya kambi muda mfupi kabla ya misheni ya mabwawa, akazikwa usiku nje ya ofisi yake. Jina la yule mbwa lilikuwa tusi la kuwaita watu weusi, mimi siliandiki. Na jina hilo hilo ndo walilitumia kama neno la siri kwenye redio kutangaza kwamba Möhne limevunjika. Kwenye jiwe la kaburi lilikaa limeandikwa miaka na miaka, mpaka Julai 2020 jeshi lilipolitoa likaweka jiwe lingine lisilo na lile jina. Kuna waliolalamika kwamba historia inafutwa. Historia haijafutwa, kila mtu anajua mbwa alikuwepo. Kwa waliosema "zama zile lilikuwa neno la kawaida tu" naomba wasome swali linalofata.

Kwani kulikuwa na watu weusi kwenye zile ndege?

Walikuwepo! Oktoba 1939 jeshi la anga la Uingereza liliondoa sharti kwamba lazima uwe mzungu, na vijana kama 500 kutoka visiwa vya Karibiani wakawa kruu za ndege, pamoja na kadhaa kutoka Afrika magharibi, bila kuhesabu maelfu wa kazi za chini. Wakati lile neno linatangazwa redioni kulikuwa na vijana weusi kwenye Lancaster za mkoa huu huu wa Lincolnshire. Cy Grant wa Guyana alikuwa mwongoza njia skwadroni 103 pale Elsham Wolds, kaskazini tu ya Scampton, na mwezi mmoja baada ya mabwawa, Juni 1943, akatunguliwa juu ya Uholanzi akakaa mateka mpaka vita inaisha.

Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, naye mwongoza njia, alitunguliwa Novemba 1943 ashafika misheni ya 27 au 28, amebakiza mbili tatu amalize zamu. Alijificha kwenye banda Wajerumani wakalimiminia risasi, akajeruhiwa akatekwa. Hebu fikiria sura za wale askari wanavyomwona ofisa mweusi wa anga anatoka mle. Baadae akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake.

Na huyu wa mwisho ni wetu kabisa. Ulric Cross wa Trinidad, mwongoza njia wa ndege za Mosquito skwadroni 139, alienda misheni 80, zamu yake ilipoisha aliomba aendelee, akapewa medali za ushujaa za DSO na DFC. Baada ya vita akasomea sheria, akafanya kazi Ghana na Cameroon, alafu akaja Tanzania mwishoni mwa miaka ya 60 akawa jaji wa Mahakama Kuu. Wapo mawakili wazee waliosimama mbele yake Dar es Salaam labda bila kujua kwamba yule mheshimiwa alishapita juu ya Berlin usiku. Alifariki 2013 akiwa na miaka 96. Sisi babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Afrika mashariki) tunawakumbuka kwa Burma, na ni haki yao, lakini tuwaongeze na hawa.

Wanawake walikuwepo kambini?

Wengi. Walikunja parachuti, kosa moja la mkunjo mtu anakufa, waliendesha malori, waliongea na ndege kwa redio zikiomba kutua. Sauti ya mwisho ya Uingereza ambayo kruu nyingi zilisikia ilikuwa ya msichana.

Baada ya vita ikawaje?

Zilikuja ndege za mabomu za B-29 za Wamarekani mwaka 1948, alafu miaka ya 50 njia ya kurukia ikarefushwa kwa ajili ya ndege za Vulcan zilizobeba silaha za nyuklia. Ilipita mpaka kwenye barabara ya A15, ambayo imenyooka kama rula toka enzi za Warumi, ikabidi barabara ipindishwe, na mpaka leo ukiendesha kwenda kaskazini unaiona ile kona kubwa kama upinde katikati ya barabara iliyonyooka. Baadae ikawa makao ya Red Arrows, zile ndege nyekundu za maonyesho, mpaka zilipohamia kambi ya Waddington 2022. Machi 2023 kambi ikafungwa.

Ni kweli walitaka kuweka wakimbizi pale?

Ni kweli. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuweka wanaume mpaka 2,000 wanaoomba hifadhi, kukawa na maandamano nje ya geti, halmashauri ikaenda mahakamani. Serikali mpya ikaufuta mpango Septemba 2024, zimeshatumika kama pauni milioni 60 na hakuna hata mmoja aliyelala pale. Waliopinga hawakuwa wote na sababu moja, kuna waliotaka kulinda majengo ya kihistoria na kuna waliokuwa hawataki wageni tu, nilisikia wote wawili kwa masikio yangu kwenye foleni ya duka. Nilichokuwa nawaambia ni kwamba pale palikuwa pamejaa wageni toka 1939. Kiwanja kile kingetegemea watoto wa Lincolnshire peke yao kisingeruka ndege hata nusu.

Nikija nianze wapi?

Ndani ya kambi usitegemee kuingia tu. Anza kituo cha kumbukumbu ya kruu za mabomu juu ya kilima upande wa kusini wa Lincoln, kilifunguliwa 2018, kuna mnara mwembamba wa chuma wenye urefu wa mita 31.09, ambao ndo upana halisi wa mbawa za Lancaster kutoka ncha mpaka ncha. Kuuzunguka kuna kuta zenye majina karibu 58,000 yametobolewa kwenye chuma, bila vyeo. Vaa nzito, kule juu upepo hauna huruma.

Alafu nenda kijijini Scampton kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji. Makaburi ya vijana wa kambi yako pale uani, na kati yao wamezikwa wanaanga wachache wa Kijerumani walioangukia mkoa huu, mawe yao nayo yanafutwa majani kama ya wenzao. Soma umri ulioandikwa kwenye kila jiwe. Mimi mara ya kwanza nilifika jiwe la sita nikakaa chini.